Kumfasiria Mjerumani kwa Mjerumani

Mwezi uliopita nilikwenda matangani Magongo, kwa marehemu Mwalimu Furaha, niliyefanya naye kazi katika nyumba moja zamani za ujana wetu. Viti vya plastiki vilikuwa safu sita za viti kumi kumi. Nilihesabu mara ya pili nikapata hamsini na tisa vya kukalika, maana kimoja kilikuwa kimevunjika mguu na mtu kakiegemeza ukutani kana kwamba ni kizima. Pembeni yangu alikaa mjukuu wa marehemu, binti wa miaka ishirini na kitu, anayesoma Kijerumani mjini ili akafanye kazi ya uuguzi huko ng'ambo, kama vijana wetu wengi siku hizi. Mamake akamwambia, huyu shangazi yako Mishi naye anakijua, hebu msalimie. Binti akanisalimu kwa Kijerumani cha darasani, kisafi, kimepigwa pasi. Nikamjibu kwa kile nilicho nacho. Akaniangalia, akaziba mdomo kwa kitambaa, kwa kuwa tuko matangani na kucheka si adabu. "Shangazi, hicho si Kijerumani," akaninong'oneza. "Hivyo wanasema watu wa mashamba huko. Mwalimu alituonyesha kwenye video, darasa zima tukacheka." Sikumjibu, maana mchungaji alikuwa ameshasimama. Lakini jibu ninalo, na ni refu kuliko mahubiri ya siku ile. Karibu miaka miwili ya maisha yangu ilipita ndani ya hicho kisicho Kijerumani, na kwa hicho nilisimama mbele ya mtu mwenye cheti nikagoma kuondoka. Sikukionea haya wakati ule na sitakionea haya sasa, kwa kitambaa wala bila kitambaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikitembeza leso nyumba kwa nyumba kutoka Port Reitz hadi Chaani. Chaani kulikuwa na nyumba ya mawe yenye ukumbi mpana na vyumba vitatu nyuma, na ndani yake mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe akiwafundisha wasichana ushoni. Jina lake Hedwig. Jina hilo halikukaa vizuri mdomoni mwa mtu yeyote wa mtaa ule, kwa hivyo alikuwa Bi Hedi. Nilimwonyesha leso jozi mbili saa sita ya mchana. Tulipatana bei mpaka adhana ya alasiri, nikaapa wallahi mara tatu, naye kila nikiapa akipindua leso kutazama pindo lililoshonwa vibaya. Mwisho hakununua. Aliniambia mtu anayeweza kusimama saa tatu bila kuomba maji asipoteze miguu yake barabarani, kesho nije kazini. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu. Cherehani nane, mikasi kumi na miwili, pasi mbili za mkaa, bobini kopo zima, sindano karatasi tano. Wasichana wakiondoka nahesabu mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa mkono, na mkasi ukipungua hakuna anayevuka mlango. Mwalimu Furaha, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa akifundisha kukata magauni, alinipachika jina la Askari wa Sindano. Sikulikataa, lilikuwa na cheo ndani yake.

Bi Hedi alikuwa na lugha nne na kila moja ilikuwa na kazi yake. Kiswahili kilikuwa cha wasichana na cha muuza mkaa, Kiingereza cha maafisa, Kijerumani cha vitabuni cha barua. Ile ya nne aliisema peke yake, akikanda unga, akitafuta miwani, akigombana na cherehani iliyokuwa ikimeza uzi. Siku moja nikamuuliza anazungumza na nani. "Na hii cherehani," akasema. "Nimejaribu kuitukana kwa Kiswahili, haisikii." Ndipo akanieleza, tumeketi meza ya jikoni, yeye anamenya mbatata. Akasema Wajerumani hawana ulimi mmoja. Kwao, kusini-magharibi, kuna Waswabi, na usemi wao ni tawi la ukoo mkubwa wa lahaja uliotambaa mpaka milima ya Uswisi na pembe ya Ufaransa. Usemi huo ni mkongwe kuliko Kijerumani cha vitabuni, lakini alipokuwa mdogo shuleni mwalimu alimpiga rula vidoleni kwa kusema kama mamake. Nikamwambia hayo yote nayajua bila kufika Ujerumani. Mimi niliandika *ndia* kwa njia, *mato* kwa macho na *mtele* kwa mchele kwenye insha, kama tunavyosema Kisauni kwetu tangu hatujajua karatasi ni nini, na mwalimu aliyekutana na Kiswahili ukubwani akanikosoa kote kwa wino mwekundu, akanirudishia Kiswahili changu kama nguo niliyoiba. Bi Hedi aliacha kumenya. Akasema basi tufanye biashara.

Biashara ilikuwa neno kwa neno, kila siku wakati wa chai ya alasiri. Mimi nampa moja la Kimvita, yeye ananipa moja la Kiswabi. Cha vitabuni alikataa kunifundisha hata siku moja, alisema kimejaa madukani na nikikihitaji nitakikuta. Nilijaribu kumbana: maneno ya chakula nilidai mawili kwa moja, kwa hoja kwamba chakula kwetu ni kitu kizito. Akanijibu kwamba Mswabi hajawahi kutoa mawili kwa moja tangu dunia iumbwe, na nisidhani yeye ndiye atakayeanza. Nikimpa neno bovu, la kutumika mara moja kwa mwaka, naye alinipa jina la kifaa cha kufungia ng'ombe. Nilijifunza haraka kutoa mazuri. Jamu ya maembe aliyoipika mwenyewe ilikuwa *Gsälz*, na nilipolisema vizuri mara ya kwanza bila kujing'ata alinipakia mkate mzima. Jumamosi tulipika chakula cha kwao. Alilowesha unga kwa mayai, akautandaza kwenye kibao, akawa anaukwaruza kwa kisu vipande vipande kuingia kwenye maji yanayochemka, mkono unakwenda kama anapiga taipu. Huko kwao huliwa na kamande na siki. Hapa alitumia pojo, na siki ile ile. Furaha alisema ni tambi za mtu asiye na subira, kisha akala sahani mbili. Nilizihesabu.

Kitu kimoja tu cha Chaani kilimshinda Bi Hedi kwa muda mrefu, nacho ni ndege. Nyumba ilikuwa chini kabisa ya njia yake kwenda uwanjani. Sisi watu wa kule tuna mtindo wetu: ndege ikija, mtu hunyamaza katikati ya sentensi, hungoja, kisha huendelea pale pale alipoachia, na hakuna anayeona ajabu. Nimeona watu wakinyamaza katikati ya ugomvi, wakatazamana kwa adabu mpaka ndege ikapita, kisha wakarudi kwenye matusi. Bi Hedi miaka yake ya mwanzo alikuwa akipiga kelele kushindana na injini. Mwaka ule nilioingia alikuwa ameshakuwa mtu wa Chaani. Alikuwa akiinua kidole kimoja, anangoja, anaendelea.

Masika yalipopita, asubuhi ya Jumatatu, alianguka kati ya cherehani ya tatu na ya nne. Kiharusi. Alikaa hospitali wiki tatu, na aliporudi mkono wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umelegea upande mmoja, na zile lugha tatu hazikurudi naye. Kiswahili kilikuwa kimeondoka, Kiingereza kimeondoka, cha vitabuni pia. Kuelewa alielewa, lakini cha kusemea alichobaki nacho ni kile cha mamake, kikitoka kwa nusu ya mdomo. Furaha alilia, akadhani tunalaaniwa. Mimi niliketi karibu na kitanda nikasikiliza, siku ya kwanza sikushika kitu, siku ya pili nikashika maneno matatu, na siku ya nne nikafahamu kwamba mwanamke huyu amekuwa akituambia jambo moja tangu alipoletwa: yale maji ya kumwogeshea ni baridi. Tukayapasha moto. Akashusha pumzi, akafumba macho. Tangu hapo nikawa ndio mdomo wake wa pili. Sidai nilikijua Kiswabi chote. Nilikuwa nimefanya biashara ya miezi mitano tu. Lakini nilijua sauti yake ya kugoma na ya kuomba na ya kusengenya, na nilijua majina ya vitu vyote vya nyumba ile, na mgonjwa mambo yake mengi huishia ndani ya nyumba.

Mwezi wa nane akaja Jens, mtoto wa dada yake marehemu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mrefu, wa kutoka kaskazini kabisa kwao, karibu na bahari. Angekuwa mtu mbaya kazi yangu ingekuwa nyepesi, lakini hakuwa mbaya. Alimletea shangaziye, maana kwao dada wa mama naye ni shangazi, slipa za sufi na picha za familia, akakaa kitandani akamshika mkono ulio mzima. Akazungumza naye cha vitabuni, polepole. Bi Hedi akamjibu maneno mengi, na Jens akaniangalia kama mtu aliyepigiwa simu na nambari asiyoijua. Hakushika kitu. Kesho yake akaenda mjini kwa wakili, akaelezwa kwamba mgonjwa akiweza kueleza anachotaka, anachotaka ndicho kinachofuatwa, na asipoweza, ndugu wa karibu ndiye anayeamua. Ndugu alikuwa ameshaamua. Alikuwa ameshapata kitanda kwenye nyumba ya wazee huko kwao kaskazini, ilibaki hati ya mkalimani tu. Akaja na mkalimani, Bwana Kilonzo, aliyepokea wageni hotelini miaka mingi, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, Kijerumani chake kizuri kwa kweli. Nasema hivyo kwa kuwa ni haki yake. Alikaa na Bi Hedi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, akatoka ukumbini, wakaketi na Jens meza ya kukatia vitambaa. Mimi nilikuwa naleta sinia. Waliendelea kuzungumza kana kwamba sinia imekuja yenyewe. Nilifahamu nusu, na nusu ilinitosha: hakuna lugha pale, ni kuweweseka, mgonjwa hajui anachosema. Kilonzo alikuwa ameshaandika kwenye fomu, mbele ya *lugha ya mgonjwa*, neno moja: *haieleweki*.

Nikaweka sinia juu ya fomu.

"Haweweseki," nikamwambia Kilonzo. "Anasema Kiswabi."

Akatabasamu kwa upole, na upole ndio ulionikera. "Dada, mimi hii kitu nimeisomea miaka minne. Wewe umesomea wapi?"

"Meza ya jikoni, hapo ndani."

"Na cheti?"

"Sina. Hata yeye hana, na ni lugha yake."

Jens akauliza kwa Kiingereza kuna nini. Nikamweleza mwenyewe, Kiingereza changu cha kuuzia leso, kwamba shangaziye anasema maneno kamili na mimi nayafahamu, na akitaka anijaribu. Akafikiri, akasema vizuri, tumetafuta pasipoti yake siku tatu hatuioni, muulize iko wapi. Tukaingia chumbani wote watatu. Nikamuuliza. Bi Hedi akanijibu bila kusita, akataja chumba, akataja kitu, akataja chini ya kitu, kisha akasema jambo moja zaidi akimtazama Jens. Nami nikasimama pale nikipima, kwa sababu nilikuwa nimepewa kitu kitakachonifanya niaminike papo hapo, na ndicho hicho kitakachompandisha Bi Hedi ndege. Ningeweza kusema hajui. Lakini mfasiri akianza kupunguza maneno ya watu hana tofauti na mwenye duka anayebonyeza mizani kwa kidole, na mimi nimegombana na watu wa namna hiyo maisha yangu yote. Nikasema yote aliyonipa ruhusa, na lile katazo pia. "Ametaja ilipo. Kisha amesema nisikwambie. Nimefasiri mpaka hapo, na hapo ndipo maneno yalipofika."

Kilonzo akacheka. Akasema hata mtoto angeweza kujibu hivyo, na tukienda namna hii hata yeye anaweza kufasiri kuku. Bi Hedi aliposikia kicheko akaanza kugomba, kwa sauti, maneno yakikimbizana, na Kilonzo akanyoosha mkono kumwonyesha Jens, unaona. Hapo ndege ikaja. Bi Hedi akainua kidole cha mkono wa kushoto. Akanyamaza. Madirisha yakatetemeka, glasi ya maji ikatetemeka, ndege ikapita kwenda zake, kidole kikashuka, na ugomvi ukaendelea kuanzia katikati ya neno. Nikamgeukia yule mwenye cheti.

"Bwana Kilonzo, ushawahi kuona mtu anayeweweseka akingoja ndege ipite?"

Jens akataka afasiriwe nilichosema, na Kilonzo, nampa haki yake tena, alimfasiria vizuri. Jens akakaa kwenye kiti cha kando ya kitanda. Akasema huenda ni mazoea tu ya mwili. Nikamwambia basi amuulize jambo ambalo mimi siwezi kulijua, jambo la kwao, la kabla sijazaliwa akitaka. Jens akamuuliza shangaziye kwa cha vitabuni: unakumbuka nini cha kwetu, cha mama na mimi nilipokuwa mdogo. Bi Hedi akamtazama. Akajibu taratibu safari hii, akipumzika kila baada ya maneno machache, na mimi nikawa nafasiri nyuma yake hatua kwa hatua, sijui tunakokwenda.

"Anasema mamako alimwandikia barua. Anasema mkate ukikatwa ulikuwa unalilia *Knäusle*. Ukipewa huli, unakwenda kulificha chini ya mto, na mamako akitandika kitanda anakuta makombo. Samahani, hilo neno sina la kwetu la kulilinganisha. Ni kile kipande cha mwisho cha mkate, chenye ganda pande zote."

Jens alikuwa ametazama sakafu. "Rudia hilo neno," akasema. Nikarudia. Akamwomba shangaziye arudie, akarudia, kwa nusu ya mdomo, likawa lile lile. Kisha akaniambia, kwa Kiingereza, polepole kwa ajili yangu, kwamba wanakoishi wao kipande hicho kina jina jingine kabisa. Hilo hajalisikia kwa mtu yeyote ila mamake. Mamake alipoolewa kaskazini majirani walimcheka anavyosema, akaacha, hakusema tena usemi wa kwao mbele ya watu wala mbele ya mtoto. Hilo moja tu ndilo lililomponyoka, jikoni. "Nilidhani ni neno alilolitunga yeye," akasema. "Nilidhani limekufa naye."

Kilonzo alikuwa amesimama mlangoni, ameondoa mikono mfukoni. Baadaye Jens akasogeza kiti, akamuuliza shangaziye mwenyewe, bila kumpitia mtu, kama anataka kwenda naye. Bi Hedi akasema *noi*, hataki, na hilo hata Kilonzo alilisikia. Kisha akasema mengine akinitazama mimi, nikayafasiri.

"Anasema huko unakompeleka hakuna atakayemfahamu. Hapa yupo mmoja. Anasema mmoja anamtosha."

Aliishi Chaani mwaka mmoja na miezi mitatu baada ya siku ile, akazikwa kutoka nyumba ile ile, na hakuna siku aliyooga maji baridi. Watu hunambia nilikuwa na bahati kwamba Jens alikuwa na neno la mamake kichwani, na asingekuwa nalo ningeshindwa. Huenda. Lakini nikiwaza sana hunijia kwamba halikuwa jambo la bahati, maana kila aliyefunzwa kuuonea haya ulimi wa nyumbani ana neno moja lililomponyoka jikoni. Usipolipata swali la kwanza, utalipata la kumi. Mimi ningekaa pale hata kwa maswali mia. Hilo ndilo ambalo yule binti wa matangani hajaambiwa na mwalimu wake, kwamba darasa zima linaweza kucheka na bado likawa limekosea kwa pamoja.

Tulirudi ukumbini kumaliza karatasi. Jens akasema fomu iandikwe upya, mgonjwa ameeleza anachotaka, anabaki. Kilonzo akachukua kalamu akasema sawa, mbele ya lugha ataandika Kijerumani. Nikamzuia. Akasema Kiswabi hakimo kwenye orodha ya wakili, na kwa vyovyote ni Kijerumani cha mashambani tu. Nikamwambia aandike apendavyo, lakini apige hesabu kwanza. "Ukiandika Kijerumani, basi umeapa kwa wakili kwamba Kijerumani hukukifahamu, na cheti unacho. Ukiandika Kiswabi, hukukosea, hukusomea tu. Chagua, kaka, mimi sina haraka." Kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona anacheka kicheko cha kweli, cha mtu aliyepigwa bei sokoni na anajua. Akaandika Kiswabi kwa herufi kubwa. Mbele ya mkalimani akaandika jina langu na la baba yangu. Kisha akachora mistari miwili juu ya ile *haieleweki* yake. Niliigeuza karatasi nikaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, nikamrudishia, nikamwambia aongeze wa tatu, maana bado ilikuwa inasomeka.